Bendera ya Sultani imepauka: je, picha yangu ya Beit al-Hukm ni ya asili?

*"Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Pangani katika nyumba ya mawe niliyoachiwa na wazazi. Mwaka jana nilikwenda Unguja nikanunua picha kubwa ya majumba ya Sultani, ile safu ya baharini: Beit al-Ajaib, Beit al-Hukm ambayo haipo tena, mnara wa taa mbele yake na bendera nyekundu juu. Chini imeandikwa 1880. Muuzaji aliniambia ni ya asili, imetoka kwenye gazeti la Kiingereza la enzi hizo, na kweli karatasi ni ya kahawia yenye madoa. Nililipa shilingi 180,000. Fundi akanitilia fremu na kioo, nikaitundika sebuleni, ukuta unaotazamana na dirisha la baharini. Hata mwaka haujatimia: bendera imekuwa karibu nyeupe, picha nzima imegeuka samawati, karatasi imefanya mawimbi, na kwenye kona kuna vidoa vipya. Wifi yangu anasema niisugue ndimu niianike. Kijana wa steshenari anasema niipige laminesheni isizidi kuharibika. Bibi mzaa mama alizaliwa Unguja na alikuwa akitusimulia habari za majumba hayo, ndiyo maana inaniuma. Je, nimeharibu kitu cha thamani? Na kinaokoleka?"*

Mwalimu, shikamoo. Nianze na hilo linalokuuma: hukuharibu kitu cha mwaka 1880. Hata bila kuiona picha yenyewe, maelezo yako yananitosha kusema kwamba karatasi iliyo ukutani kwako imechapishwa miaka ya karibuni. Shahidi wangu mkubwa ni ile bendera iliyopauka.

Umewahi kuyatazama mabango ya mitindo ya nywele kwenye saluni za barabarani? Likiwa jipya, nyuso zina rangi ya ngozi na midomo ni myekundu. Likikaa juani mwaka mmoja, watu wote wanageuka samawati kama wamezama majini. Uchapaji wa rangi wa siku hizi hutumia wino nne: samawati, waridi iliyokoza, njano na nyeusi. Nyekundu unayoiona haikutoka kwenye kopo la wino mwekundu. Ni waridi na njano vimelaliana. Katika wino wa bei nafuu hizo mbili ndizo dhaifu kuliko zote mbele ya mwanga, zinakufa mapema na kuwaacha samawati na nyeusi peke yao. Ndiyo maana bendera imetangulia kuondoka na bahari bado ipo.

Sasa linganisha na magazeti ya picha ya London ya wakati huo, kama The Illustrated London News au The Graphic. Michoro yao ilichongwa kwenye mbao ngumu kisha ikachapwa kwa wino mweusi, na weusi wa wino huo hutokana na masizi, yaani kaboni. Masizi hayapauki. Ukurasa wa gazeti la 1885 unaweza kuwa umekauka na kuvunjika kama papadi, lakini mistari yake bado ni myeusi. Zile zenye rangi unazoziona madukani, mara nyingi rangi ilipakwa kwa brashi na wauzaji wa baadaye. Rangi za maji nazo hupauka, lakini kila moja kwa mwendo wake, na chini yake mchoro mweusi unabaki vilevile. Hazigeuki samawati zote kwa pamoja.

Usiniamini kwa maneno matupu. Chukua kioo cha kukuzia, au simu yenye kamera nzuri uikaribishe hadi mwisho, utazame anga la picha yako. Ukikuta vidoto vya rangi vilivyopangwa kama vijiua, ni uchapaji wa viwandani wa kisasa. Ukikuta chembechembe ndogo zilizotawanyika kama vumbi, ni printa ya wino. Mchoro wa mbao hauna vidoto kabisa, una mistari tu: minene, myembamba, iliyosongamana palipo na kivuli. Na ukiwa mkubwa, mara nyingine utaona mistari miembamba myeupe inayoukata wote kuanzia juu hadi chini. Hapo ni maungio, kwa sababu mbao ile haipatikani pana, kwa hiyo walifunga vipande vingi pamoja na kugawana kazi, kila mchongaji na kipande chake. Pia geuza karatasi. Ukurasa wa gazeti kwa kawaida una habari nyingine nyuma, na maandishi yanaonekana kwa mbali ukiuinua kwenye mwanga. Nyuma ya picha yako ikiwa tupu, hiyo nayo ni dalili.

Kuhusu karatasi ya kahawia, hapa ndipo wengi wananaswa. Karatasi ya zamani kweli hugeuka kahawia, lakini inaanzia kingoni, mahali hewa inapofika, au inafuata umbo la kile kilichoigusa kwa miaka. Kahawia iliyoenea sawasawa mbele na nyuma huwa ni chai au kahawa. Kuna hila rahisi zaidi, inayotumika sana: ukale wenyewe unachapishwa. Madoa, mikunjo, hata kona iliyoliwa na wadudu, vyote vimepigwa picha kutoka karatasi moja ya zamani na kutolewa nakala elfu. Weka lenzi juu ya doa la kahawia lililokuja na picha. Doa likiwa na vidoto, limetoka kwenye mashine.

Hilo ni kuhusu karatasi. Picha iliyochapwa juu yake ni habari nyingine, na hapa nina la kukufurahisha kidogo.

Mwaka ulioandikwa chini si sahihi, na majengo yenyewe yanausuta. Beit al-Ajaib ilijengwa na Sultani Sayyid Barghash mwaka 1883, kwa hiyo haiwezi kuonekana katika picha ya 1880. Upande wa pili, tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Waingereza ziliyapiga mabomu majumba hayo kwa muda usiotimia saa moja, baada ya Sayyid Khalid bin Barghash kujitangaza Sultani bila ridhaa yao. Beit al-Hukm iliumia kiasi cha kutosimamishwa tena, na mahali pake pakageuzwa bustani. Beit al-Sahel, jirani yake, nayo iliumia vibaya, na kasri unaloliona hapo leo lilijengwa baada ya vita hivyo. Mnara wa taa uliosimama peke yake mbele ya majumba ukaondoka. Beit al-Ajaib yenyewe ilipata majeraha madogo, na ilipotengenezwa mwaka 1897 ndipo mnara wa saa ulipoungwa kwenye uso wa jengo. Ni mnara huohuo ulioporomoka pamoja na sehemu kubwa ya mbele tarehe 25 Desemba 2020.

Kwa hiyo picha yako, yenye Beit al-Ajaib, Beit al-Hukm na mnara uliojitenga, imetokana na mchoro au picha ya kati ya 1883 na Agosti 1896. Ukitaka uhakika zaidi, tazama baharini kama sehemu ya maji imeonyeshwa. Jahazi la kivita la Sultani, Glasgow, lilizamishwa siku ileile bandarini, na milingoti yake ilibaki imechomoza majini hadi 1912. Milingoti mitatu isiyo na meli chini yake maana yake ni baada ya vita. Mimi hucheza mchezo huu kwa kila picha ya mji inayopita mikononi mwangu: kwanza natafuta kilichopo ambacho hakikupaswa kuwapo, halafu kisichopo ambacho kilipaswa kuwapo. Ukiona ya Dar es Salaam yenye sanamu ya Askari imeandikwa "wakati wa Mjerumani", mrudishie muuzaji, kwa sababu sanamu hiyo iliwekwa 1927.

Kwa ufupi, uso ni wa kweli, karatasi ni ngeni, na tarehe ni ya kubuni. Rangi nazo ni za kubuni. Hakuna aliyeipiga Beit al-Hukm picha ya rangi. Aliyepaka anga la machungwa na kuta za malai aliketi mbele ya kompyuta akachagua. Rangi moja tu alikuwa na haki nayo: bendera ya Usultani wa Zanzibar ilikuwa nyekundu tupu. Na hiyo ndiyo iliyopauka.

Je, umetapeliwa? Kuuza nakala si kosa. Nakala nzuri ina heshima yake, nami ninazo ukutani. Kosa ni kuiita ya asili na kuitoza bei ya asili. Ukiwa na risiti au ujumbe wa simu ambamo neno hilo lilitumika, mwandikie muuzaji kwa upole, mweleze habari ya vidoto na ya 1883, umwombe tofauti ya fedha. Wengine hurudisha, kwa sababu nao waliuziwa hivyohivyo na aliyewaletea. Akikataa, sioni faida ya kuivalia njuga.

Sasa mawimbi na vidoa vipya, ambavyo ni ugonjwa tofauti na kupauka, na vitairudia picha yoyote utakayoiweka hapo usipojua vinatoka wapi.

Karatasi ni nyuzi za mimea zilizobanana. Hewa ikiwa na unyevu, nyuzi zinakunywa na kunenepa. Hewa ikikauka, zinasinyaa. Karatasi iliyoachiwa nafasi hutanuka na kurudi bila neno. Yako nadhani fundi ameibandika selotepu pande zote nne juu ya hadibodi, kisha akaikandamiza na kioo. Ikitaka kutanuka haina pa kwenda, inajikunja mawimbi. Palipogusana na kioo, unyevu hukaa kati yake kama jasho, na siku ukitaka kuiondoa wino unaweza kubaki kwenye kioo. Juu ya hayo, hadibodi ina asidi, na kuta za nyumba yako ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Wewe unazijua kuliko mimi: zina chumvi ndani, na chumvi huvuta maji kutoka hewani. Fremu iliyolala moja kwa moja juu ya ukuta kama huo imelalia kitambaa kibichi. Unyevu wa hewa ukivuka asilimia 65 au 70 kwa muda mrefu ukungu unaamka, na pwani tunavuka hapo sehemu kubwa ya mwaka. Vidoa vyako vya kona ni ukungu, karibu nina hakika, hasa kama vina kijimanyoya ukivitazama kwa ubavu wa mwanga.

Ndimu, basi, hapana. Najua inasafisha kanzu. Lakini kanzu utaisuuza maji matatu, na karatasi huwezi. Asidi ya ndimu inabaki ndani ya nyuzi na kuzila polepole, na sukari yake ni chakula cha ukungu. Jiki ndiyo mbaya zaidi. Na kuianika juani ni kuiongezea dozi ya kilekile kilichoiua bendera.

Laminesheni nitaisemea kwa uaminifu. Kwa nakala hii ya kisasa si dhambi kubwa, maana thamani ya kulinda ni ndogo. Ila haitakusaidia unachokitaka. Plastiki ni angavu, mwanga utapita kama kawaida na rangi zitaendelea kufa. Ukungu na unyevu uliomo utafungiwa humo humo. Na kwa karatasi yoyote ya zamani kweli, laminesheni ni kaburi: joto na gundi vinaingia ndani ya nyuzi, na kuitoa bila kuichana ni kazi ambayo hata wahifadhi waliobobea huikwepa. Mwambie kijana wa steshenari abaki na vitambulisho na vyeti vya kuzaliwa, hapana, vyeti navyo asiviguse.

Nimefikiria ningefanya nini kama picha ni yangu. Kuitunza hii hii inawezekana: ifungue, iache chumbani penye hewa na kivuli mpaka ikauke, kisha toka nje, funga barakoa, upanguse ukungu kwa brashi laini ukiuelekeza mbali nawe. Itundike ukumbini pasipofika jua. Itabaki samawati. Nyekundu iliyokwisha haina dawa, kwa kuwa wino haukujificha, umevunjika. Ukiipenda kwa sababu ya safari ile ya Unguja, hiyo inatosha.

Ila mimi ningeitafuta picha ileile upya, na ningeichapisha kwa nyeusi na nyeupe. Chuo Kikuu cha Northwestern huko Marekani kina mkusanyo wa Winterton, picha zaidi ya 7,000 za Afrika Mashariki za kati ya 1860 na 1960, na umewekwa mtandaoni kwa kutazamwa. Nyaraka za Taifa zilizoko Kilimani, Unguja, nazo zina hazina ya picha. Uliza masharti na ada zao za kutoa nakala. Ukipata faili kubwa, mpelekee mchapaji umuulize swali moja: anatumia wino wa pigimenti au wa kuyeyuka? Wa kuyeyuka ndio uliokuponza. Pigimenti ni chembe ngumu, mwanga unazimaliza kwa shida, na nyeusi yake ni kaboni, jamaa wa yale masizi ya London. Mwombe na karatasi ya pamba isiyo na asidi. Itakugharimu zaidi ya bango la kawaida, ila bado huenda ikawa chini ya ulicholipa mara ya kwanza.

Kwa fundi wa fremu, sema hivi: kati ya picha na kioo kuwe na kadi iliyokatwa dirisha, isiyo na asidi, ili visigusane. Picha ining'inizwe kwa juu tu, kwa vipande viwili vya karatasi nyembamba ya Kijapani na gundi ya wanga wa ngano, sehemu nyingine ibaki huru. Asitumie selotepu hata kidogo. Ujana wangu niliifunga selotepu ramani ya Dar iliyochanika, nikidhani naiponya, na leo ile michirizi ya njano ndiyo kitu cha kwanza mtu anachokiona. Nyuma ya fremu, kona za chini, abandike vizibo viwili vya chupa, vile vya koki, ili ukuta upumue.

Na ihamishe. Hilo ndilo lenye nguvu kuliko vyote, na ni bure. Makumbusho huonyesha kazi za karatasi zenye rangi dhaifu kwa mwanga wa laksi 50 hivi (laksi ni kipimo cha mwanga). Jua la asubuhi likiingia dirishani kwako na kugonga ukuta moja kwa moja, linaweza kufika laksi 50,000. Saa moja ya jua hilo ni sawa na saa 1,000 za makumbusho, na kwa makumbusho yanayofunguliwa saa nane kwa siku, hizo ni siku 125. Picha yako ilikuwa ikizeeka miezi minne kila asubuhi kabla hujamaliza chai. Kioo cha kawaida hakizuii, hupunguza kidogo tu mionzi mikali. Hata kile maalumu kinachozuia mionzi hiyo huacha mwanga wa kawaida upite, nao pia hupausha, ingawa polepole. Ukuta wenye dirisha lenyewe ndio salama zaidi, maana jua haliwezi kujipinda.

Hadi hapa huhitaji mtu kama mimi aje. Lakini umemtaja bibi mzaa mama, na hapo nimesimama. Fungua masanduku yake. Ukikuta picha ndogo ya kahawia kwenye karatasi nyembamba sana, imebandikwa juu ya kadi nene, labda na jina la studio kama Gomes au Coutinho, waliopiga picha Unguja enzi hizo, basi usiibandue, usiifute hata kwa kitambaa kikavu, na usiipige picha kwa mwanga mkali mara nyingi. Ifunge kwa karatasi nyeupe isiyo na maandishi, uilaze kwenye kasha, uende nayo mwenyewe Kilimani ukawaulize wanaohifadhi karatasi hapo. Picha ya namna hiyo ikiwa na ukungu, ikibanduka tabaka la juu, au ikiwa imeganda kwenye kioo, usijaribu lolote nyumbani. Kwa picha hiyo ningepanda boti.